Kuitafutia mausipisi yufoniamu ya mzee: shajara ya mradi

Jumamosi ya kwanza

Mzee kafika na bajaji saa nne asubuhi, kapakata mzigo umefungwa kwa khanga mbili, hataki mtu amsaidie kuushusha. Nikamwamkia shikamoo akaitikia huku macho yako kwenye mzigo. Tumeufungulia barazani, ndani yufoniamu, lile tarumbeta kubwa la sauti nene, ya vali tatu za kubonyeza, imepiga weusi kila mahali lakini haijatoboka, na kwenye ule mdomo mpana wa juu maandishi ya kuchonga bado yanasomeka, jina la Salvation Army, yani Jeshi la Wokovu, na chini yake St. Albans. Kwa asiyejua, Jeshi la Wokovu walikuwa na kiwanda chao wenyewe cha vyombo vya bendi, hapo St. Albans Uingereza, toka 1901 mpaka 1972 walipokiuza kwa kampuni ya Boosey & Hawkes. Huku kwetu Jeshi la Wokovu liliingia 1933 kupitia Tabora, na mzee ndo huko alikojifunzia kupiga akiwa kijana, kahama miji mitatu na chombo kikamfuata kote. Sasa anasema pumzi haimtoshi tena. Ametupa sisi bendi ya usharika kwa sharti moja tu, kipigwe, kisiwekwe kabatini.

Kinachokosekana ni mausipisi, kile kipande cha kuwekea mdomo na kupulizia. Ya asili ilipotea kwenye kuhama, mzee hata hakumbuki ni mwaka gani.

Mimi kazi yangu ni friji na AC, ila vyombo vya bendi yetu navitengeneza mimi kwa sababu kulehemu na kunyoosha bomba ni kazi ya kila siku. Nikasema hii rahisi, tuna mausipisi za baritoni na trombone zetu zile zilizotoka India, nichukue moja nichomeke. Nikachomeka. Ikazama. Yani mkia wote ukaingia mpaka karibu na kikombe, pale panapokaa midomo, na hata ilipofika mwisho ikawa inacheza, ukiigusa kwa kidole inatikisika kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikapuliza hivohivo. Sauti ilitoka, lakini nyembamba, na noti za juu kila moja inaenda njia yake. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka hakusema kitu, akaangalia chini tu. Nikaitoa.

Jumapili, baada ya ibada

Nimekaa na vernia, kile kipimo cha upana, na daftari. Naandika hapa kwa urefu kwa sababu nikijua mtu mwingine anahangaika na chombo cha zamani namna hii najua ataanzia palepale nilipoanzia mimi, yani kwenye kikombe, mausipisi ipi ina sauti nzuri, ya kampuni gani, wakati swali la kwanza ni mkia unakaa au haukai. Mkia ni ile sehemu ndefu unayochomeka kwenye chombo. Usipokaa sawa, kikombe kiwe kizuri vipi hakitakusaidia.

Kwa vyombo vya ukubwa huu mikia ipo ya saizi tatu. Mdogo ni ule wa trombone za kawaida, ncha yake kwa nje inapima kama milimita 11. Mkubwa ni wa trombone za okestra na yufoniamu nyingi za sa hivi, ncha 12.7. Katikati hapo kuna mkia wa kati, kama 11.8, ambao yufoniamu za Kiingereza zilikuwa zinautumia kwa wingi mpaka kwenye miaka ya 1970, afu viwanda vikahamia mkubwa, na ndo maana leo ukiingia duka lolote Kariakoo ukauliza mkia wa kati muuzaji anakuangalia tu.

Sasa cha muhimu. Mkia haukunyooka kama bomba la maji, unapungua upana taratibu kuelekea nchani, kila milimita 20 za urefu unapungua milimita 1. Na tundu la chombo nalo limechongwa hivohivo. Ndo inavyokaza bila skrubu, unasukuma kidogo unazungusha kidogo inang'ang'ania. Lakini hesabu yake ni kali, kwa sababu kosa la milimita 1 kwenye upana ni milimita 20 kwenye kina. Tundu la yufoniamu ya mzee kwenye mlango wake limenipa milimita 13.0, nikageuza vernia likanipa 13.3, nikarudia, likanipa 13.1, nikaona vernia yangu imechoka, nikachukua 13.0.

Kwa 13.0, mkia mdogo wa 11 unazama milimita 40. Mkubwa wa 12.7 unaingia milimita 6 tu unagoma. Wa kati unaingia 24, na hiyo ndo kama kina cha kawaida, inchi moja hivi. Kwa hiyo bila hata kuuliza mtu hesabu imeshasema, hichi ni chombo cha mkia wa kati.

Jumatano usiku

Wenzangu wa bendi wamenishauri karatasi. Kwakweli kila bendi ya matarumbeta niliyowahi kuiona ina mtu aliyezungushia karatasi au tepu ya bomba kwenye mkia akaendelea na harusi. Nimejaribu vyote viwili ili nisiseme kitu ambacho sijakifanya. Karatasi inashika dakika kumi, mate na mvuke vikiingia inalainika, mausipisi inaanza kuzama tena katikati ya wimbo na chombo kinapanda sauti wakati wewe unapiga. Tepu nyeupe ya mafundi bomba inakaa zaidi, lakini inakaa kama godoro, ukikandamiza mdomo inabonyea. Na kuna kitu kingine, mtetemo wa midomo unatakiwa upite chuma kwa chuma mpaka kwenye bomba, ukiweka godoro katikati unaisikia tofauti kwenye vidole, chombo kinakuwa kama kimefunikwa blanketi.

Afu nikafanya kipimo ambacho nimekizoea kwenye kazi za friji, kutafuta mahali chuma kinapogusana na chuma. Nikawasha kibatari, nikapitisha mkia wa mausipisi juu ya moshi mpaka ukashika masizi meusi pande zote, nikauchomeka taratibu, nikazungusha robo, nikatoa. Kama tundu lina mviringo mzuri masizi yanafutika sawasawa kuzunguka. Haya yalifutika sehemu mbili tu, upande na upande, kama alama za vidole viwili vilivyoshika. Kumbe vernia yangu haina kosa. Tundu ndo limebonyea, sio duara tena, ni yai. Mtu zamani mausipisi ilimgandia akaivuta na koleo, na alama za meno ya koleo zipo kabisa pale kwenye pete ya nje, nilikuwa naziona siku zote nikidhani ni uzee.

Kwa hiyo hata ningekuwa na mausipisi ya asili mkononi isingekaa.

Wiki ya pili, mtaa wa Gerezani

Nimeenda kwa fundi mmoja wa kukereza ambaye huwa ananitengenezea bushi za feni. Nikamwomba kwanza asiguse chombo, anitengenezee chuma kigumu kilichochongoka kwa ile hesabu ya moja kwa ishirini, kuanzia 11.5 mpaka 14. Akauliza cha nini, nikamweleza, akanyamaza, akasema "Kaka, baba yangu alikuwa anapiga tarumbeta Tanga," akakifanya siku hiyohiyo, kakisugua na msasa mpaka kinang'aa. Elfu kumi na tano.

Nyumbani nimekaa nacho saa nzima. Unakipaka mafuta kidogo, unakisukuma ndani kwa mkono, unagonga mara moja kwa nyundo ya mbao, unatoa, unageuza, unarudia. Sikupasha moto hata kidogo, kwa sababu ile pete ya nje imeshikiliwa kwa risasi ya kulehemu na risasi inayeyuka mapema, ningepoteza zaidi ya nilichokuwa natafuta. Brasi ya zamani ikichoka inakuwa kavu inapasuka, nilikuwa nasikiliza kila pigo. Ilipofika mara ya ishirini na kitu nikasikia mlio umebadilika, kutoka ko ko ukawa ti ti, yani chuma kimegusa kote. Nikarudia masizi. Safari hii yalifutika duara zima. Vernia: 13.0 pande zote.

Ijumaa, wiki hiyohiyo

Rafiki yangu anayepiga trombone ya besi kaniazima mausipisi yake yenye mkia mkubwa nione itakuwaje. Imeingia milimita 6 kama hesabu ilivyosema, inakaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima, ukiinamisha chombo inadondoka. Lakini nikaishika kwa mkono nikapuliza, na hapo nikagundua jambo ambalo limebadilisha mradi wote.

Nilikuwa nimewasha programu ya kupimia sauti kwenye simu. Nusu toni moja inagawanywa kwenye senti 100. Kwa mausipisi ndogo iliyozama, chombo kilikuwa juu ya bendi yetu kwa senti 65. Kwa hii kubwa iliyobaki nje kimeshuka, kiko juu kwa senti 45. Nikafurahi, nikaona labda mkubwa ndo sahihi. Ila 45 bado ni karibu robo toni nzima, huwezi kukaa na wenzako.

Nikampigia mzee simu. Akacheka akasema, "Mwanangu, hicho ni cha sauti ya juu, vyetu vyote vilikuwa hivo, tulipokutana na bendi nyingine tulikuwa hatuwezi kupiga pamoja." Na ndo ilivyokuwa. Bendi za brasi za Uingereza pamoja na Jeshi la Wokovu walibaki kwenye sauti yao ya zamani, ambapo noti ya La ni mitetemo 452.5 kwa sekunde, wakati dunia ilikubaliana 440 kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Walikuja kuiacha katikati ya miaka ya 1960, viwanda vilipoacha kutengeneza vyombo vya sauti ile. Tofauti ya 452.5 na 440 ukiipiga hesabu ni senti 48 na nusu. Ongeza joto la Dar, maana hewa ikipata moto sauti inapanda, unapata kabisa namba zangu.

Kwa hiyo kuna matatizo mawili na nilikuwa nayachanganya. Moja ni mkia. La pili ni urefu wa chombo chenyewe, bomba lake ni fupi kwa makusudi. Na mausipisi haiwezi kulitatua la pili. Piga hesabu, bomba la yufoniamu lina urefu kama mita 2.75, kila sentimita 1 unayoongeza inashusha kama senti 6. Ili kushuka senti 48 kwa mausipisi peke yake inabidi uivute nje karibu sentimita 8, haiwezekani. Na ukiacha nafasi tupu kati ya ncha ya mkia na pale bomba linapoanza kubana, noti hazishuki kwa usawa, za chini zinashuka kidogo za juu zinayumba, kila moja inapata tabia yake. Nimeisikia leo kwenye ile kubwa, Fa ya katikati ilikuwa safi, Fa ya juu ilikuwa inateleza nashindwa kuikamata.

Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: KWANZA MKIA UKAE. SAUTI TUTAIREKEBISHA KWENYE SLAIDI. Slaidi ni kile kipande cha bomba la chombo kinachovutika nje.

Wiki ya tatu

Hii wiki imenichosha. Wazo lilikuwa zuri, kuchukua mausipisi yenye mkia mdogo ambazo tunazo nyingi, kuvalisha soksi ya brasi ili mkia mdogo uwe wa kati. Nilitaka hivyo kwa sababu nyingine pia, kikombe kinachogusa midomo kibaki chenye koti la fedha la kiwandani, kwa sababu brasi ya kukereza ina madini ya risasi ndani yake na sitaki binti yetu wa bendi atakayekipiga aweke midomo pale masaa mawili kila Jumamosi.

Tatizo ni unene. Kutoka 11 kwenda 11.8 ni milimita 0.8, gawa kwa mbili, soksi inakuwa na ukuta wa milimita 0.4. Fundi kajaribu mara tatu. Ya kwanza ilichanika mashine ikiwa inazunguka, ikajikunja kama ganda la kitunguu. Ya pili vilevile. Ya tatu ilitoka, tukaishika juu ya taa tukaiangalia, nyembamba unaogopa kuipumulia. Nikaivalisha nikapeleka mazoezini, ikakaa vizuri kabisa, binti kapiga nyimbo mbili, tukapongezana. Kutoa mausipisi mwisho wa mazoezi, mausipisi imetoka, soksi imebaki ndani ya chombo. Imeng'ang'ania kule.

Nililala nayo akilini. Asubuhi nimeweka barafu kwenye kitambaa ndani ya mlango wa tundu nikasubiri, brasi ikapoa ikasinyaa kidogo, haikutosha, mwisho nikaingiza koleo ya mdomo mwembamba nikaishika soksi kwenye ukingo nikaikunja kwa ndani, ikakubali, ikatoka imekunjamana. Tundu halijakwaruzwa, nimelikagua kwa tochi na kwa masizi. Ile koleo nilishika kwenye soksi tu, sikugusa chombo.

Soksi ya kutoka mdogo kwenda mkubwa ni sawa, ipo hata ya kununua, ukuta wake unafika milimita 0.8 na kitu. Kwenda wa kati ni nyembamba mno kwa kitu cha kutoa na kuingiza kila siku. Nisingejua bila kujaribu.

Wiki ya nne, Jumanne

Njia iliyobaki ni kugeuza, badala ya kuongeza mdogo, kupunguza mkubwa. Mkia mkubwa una 12.7 nchani, nataka 11.8, natoa milimita 0.9. Swali ni je nyama ipo. Nimenunua mausipisi mbili za bei nafuu zenye mkia mkubwa, nimepima nchani kwa ndani 10.5. Yani ukuta ni milimita 1.1, ukitoa 0.45 kila upande inabaki 0.65. Inatosha. Sio ya kudondosha kwenye sakafu ya saruji, lakini inatosha.

Niseme pia kwamba mkia wa kati bado unatengenezwa mpya, Denis Wick wana 4AM, ile M mwishoni ndo inasimamia saizi ya kati. Mwenye uwezo wa kuagiza Uingereza aagize hiyo amalize. Sisi mfuko wa bendi ulikuwa hauruhusu na usafirishaji peke yake ulikuwa unakaribia bei ya mausipisi.

Alhamisi, Gerezani tena

Nimeomba ruhusa kazini nusu siku ili nisimame pale pale. Kazi yenyewe haikuzidi saa moja na nusu, lakini saa nzima ilikuwa ni kuipanga.

Shida ni namna ya kuishika. Kikombe ni mviringo wa kupinda, taya za mashine zikikibana moja kwa moja zinakwaruza fedha na zinakipinda. Fundi kakata kipande cha mninga, akakichonga tundu la umbo la kikombe, akakipasua kati, mausipisi ikalala mle ndani kama yai kwenye kiota, ndo taya zikabana mbao. Upande wa mkia akaingiza ncha ya kushikilia kwenye tundu lake, polepole. Afu akazungusha kwa mkono bila umeme, na ile saa ya kupimia yenye mshale imegusa mkia. Mshale ukawa unacheza. Akalegeza, akageuza mbao kidogo, akabana. Bado. Mara ya tano mshale ukasimama, unatetemeka tu kidogo sana.

Kwenye mchongoko nilikuja na hesabu, moja kwa ishirini ni nyuzi 1.43 kila upande. Akaniambia kaka hizi alama za mashine yangu zimefutika, nyuzi moja na nusu naiona, 1.43 siioni. Tufanyeje? Akachukua kile chuma chetu cha mwanzo, kile cha kunyooshea tundu, akakifunga kwenye mashine kwanza, akapitisha saa ya kupimia juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho akirekebisha pembe mpaka mshale ukakaa palepale safari nzima. Yani pembe ya tundu la mzee tumeichukua kwenye kile chuma tukaihamishia kwenye mkia mpya bila namba yoyote. Nilimwangalia huyu mtu nikasema moyoni hapa nimefika kwa fundi.

Akaanza kula. Kila pito nyuzi za brasi zinatoka ndefu za dhahabu, nyembamba kama nywele, zinadondoka kwenye viatu vyangu. Koti la fedha likaondoka, njano ikatokea. Kila baada ya pito mbili anasimamisha, napima. 12.5. 12.3. 12.1. Tulipofika 11.9 nikamwambia ngoja. Tukaitoa na mbao yake, chombo nilikuwa nacho pale kwenye khanga za mzee, nikachomeka. Milimita 22. Akairudisha, akapitisha msasa mwembamba wenye mafuta, mara tatu, nne. 24.

Haichezi. Nimeishika kwa vidole viwili nikanyanyua chombo kizima nacho kikanyanyuka, ukikizungusha kidogo kinaachia chenyewe bila nguvu. Nilikuwa na mshumaa, tukapaka masizi palepale, yamefutika kuanzia mlangoni mpaka nchani. Fundi akasema jaribu basi, watu wa vibanda vya jirani wakasogea, nikapiga Si ya chini ndefu.

Sijui niielezeje. Wiki zote hizi nilikuwa nasikia sauti inatokea kwenye mausipisi. Leo ilitokea kwenye chombo.

Wiki ya tano

Sasa ndo wakati wa kikombe, na nimeona afadhali nilisubiri. Ile niliyokereza ni ya mfano wa 6½AL, ndo namba ya saizi ya kikombe, upana wa ndani unakaribia milimita 25.4, kikombe kina kina kirefu na kinateremka kama faneli. Ile nyingine ni mfano wa 12C, nyembamba zaidi, kama 24.5, kikombe kifupi. Fundi kanikerezea na ya pili kwa elfu ishirini. Binti kapiga kila moja siku tatu, bila mimi kumwambia ipi ni ipi.

12C imemrahisishia noti za juu, siku ya kwanza aliipenda. Lakini chombo kiligeuka trombone, sauti ngumu yenye makali, na yufoniamu kazi yake kwenye bendi ni kuwa kama mtu anayeimba katikati ya kwaya, nene, ya mviringo. 6½AL ilimchosha midomo mwanzo, siku ya tatu akasema "mjomba hii inanifuata." Noti za juu kwa 6½AL zinakaa chini kidogo kuliko za 12C, ndo tabia ya kikombe kikubwa, ujazo wake unavuta za juu kuliko za chini, na kwa chombo ambacho kimezaliwa na sauti kali hiyo imetufaa.

Mzee alikuja Jumamosi. Akaomba ashike mausipisi kwanza, akaigusisha mdomoni bila chombo, akasema ya zamani ilikuwa ndogo na ukingo wake mkali, ulikuwa unaacha alama mpaka jioni. Hii ni laini. Afu akasikiliza binti akipiga sauti ya tatu ya pambio, macho kafumba, vidole vya mkono wa kulia vinabonyeza hewa, moja na mbili, moja, wazi, moja na tatu. Hakukosea hata kimoja.

Jumapili, leo

Kinachobaki ni slaidi, na nitaiandikia kivyake. Kwa kifupi, mausipisi ikiwa imekaa 24 chombo kiko juu senti 55 asubuhi kabla ya jua. Kushusha hizo nahitaji karibu sentimita 9 za bomba, yani 4.5 kila mguu wa slaidi kuu, na miguu iliyopo inavutika 3 tu ndo bado iko salama. Nitaongeza miguu. Na sio slaidi kuu peke yake, kila vali nayo bomba lake ni fupi kwa kiasi hichohicho, ya kwanza inataka karibu nusu sentimita kila mguu, ya pili chini ya hapo, ya tatu kama 8 za milimita. Bomba za shaba za AC ninazo, nitaanza na kupima ipi inaingia ipi.

Mausipisi ya 6½AL nimeitengenezea mfuko wa jinzi wenye kamba, kamba nimeifunga kwenye mkanda wa sanduku. Ya 12C nimeiacha humohumo kama akiba. Na ndani ya kifuniko cha sanduku nimebandika karatasi kwa gundi, nimeifunika na plastiki, nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: mkia wa kati, ncha 11.8, inaingia milimita 24, chombo cha sauti ya juu 452.5, ikiganda usitumie koleo.